NumPy inagoma kwenye PyPy? Anza hapa kabla hujafuta kitu

Hii nawaandikia nyinyi mnaopiga hesabu za maji kujaa na kutoka kwa Python, hapa Amu na pande za Malindi, mkasikia PyPy (interprita nyingine ya Python, yaani programu ya kuendesha kodi yenu) ina mbio mkaidaunlodi alafu NumPy, ile pakiti ya hesabu za namba nyingi kwa pamoja, ikawagomea. Maswali yanayoletwa ni yale yale na majibu yake yapo, ila yametawanyika huku na kule, kwa hivyo nayaweka mahali pamoja kwa dalili: unaona nini kwenye skrini, chanzo ni nini, na ufanye nini.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni ule wa Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara. Kila mtu hapa ajua mashua za Faza na Kizingitini zapita Mkanda maji yakiwa yamejaa, yakitoka mtu angoje. Ukitaka kujua mwaka mzima saa gani kuna kina cha kutosha, unajumlisha mawimbi ya mwezi na jua: lile kubwa la mwezi laitwa M2 na hurudi kila baada ya saa 12.42, la jua ni S2 la saa 12 kamili, alafu kuna K1 na O1 za karibu siku moja moja. Dakika kwa dakika mwaka una dakika 525,600, na kwa kila dakika unapiga kosaini nne, jumla zaidi ya milioni mbili. CPython, yaani ile Python ya kawaida, itazipiga kwa kujivuta kama umeandika lupu tupu. Hapo ndo watu wanaikimbilia PyPy, na wana haki, manake PyPy inaangalia lupu ikizunguka na ikishazunguka mara elfu moja na kidogo (kiwango chake cha kawaida ni 1039) inaigeuza kuwa maagizo ya prosesa moja kwa moja. Kazi hio inaitwa JIT.

Sasa shida yatoka wapi? NumPy sehemu kubwa imeandikwa kwa C, na C hio imezoea kuongea na CPython: inajua kitu kiko wapi kwenye memori, na inajua kuhesabu ni wangapi wanakishika. PyPy haiko hivyo. Vitu vyake vinahamishwa hamishwa kwenye memori na haihesabu washikaji. Kwa hivyo wenye PyPy wameweka safu ya katikati inayoitwa cpyext, ambayo kazi yake ni kujifanya CPython mbele ya NumPy. Safu hii ndio inayowezesha mambo, na ndio inayochelewesha. Nikisema ukweli, karibu matatizo yote yaliyo hapa chini yana mizizi miwili tu: ama pip, ile ya kuinstoli pakiti, imekuletea NumPy isiyo ya interprita yako, ama unaivusha cpyext mara nyingi kuliko inavyofaa.

Na jambo moja kuhusu maelekezo ya zamani, manake bado yanazunguka na yanawapotezea watu bando. Kulikuwa na mradi wa kuandika NumPy upya ndani ya PyPy, ukiitwa NumPyPy, ukaachwa njiani bila kumalizika. Njia iliyobaki ni NumPy hii hii ya kila mtu kupitia cpyext, na tangu PyPy 5.9 ya Oktoba 2017 inafanya kazi. Ukikuta mahali unaambiwa uandike `import numpypy` au uvute kitu kutoka bitbucket, funga, nenda zako.

"Kaka, pip imesema imemaliza lakini PyPy yaniambia numpy haiko"

Skrini inasoma hivi:

```
ModuleNotFoundError: No module named 'numpy'
```

Hii ndio inayouliziwa kuliko zote. Chanzo: umeandika `pip install numpy`, na hio pip ni ya CPython. Imeinstoli kweli, haikudanganyi, ila imeweka kwenye nyumba ya jirani. PyPy ina foda yake ya pakiti na haiangalii ya mwenzake. Hakikisha kwanza uko na nani:

```
pypy3 -c "import platform; print(platform.python_implementation())"
pypy3 -m pip --version
```

Mstari wa kwanza utoe PyPy. Wa pili utakuonyesha njia ya foda, na ndani yake lazima uone jina pypy. Ukiambiwa hakuna moduli ya pip kabisa, uilete kwa `pypy3 -m ensurepip` alafu `pypy3 -m pip install -U pip`. Kutoka hapo usiandike tena pip peke yake, andika `pypy3 -m pip` kila mara hata kama vidole vinachoka.

Mimi nashauri zaidi utengeneze mazingira ya pekee, kwanza hayachafui kompyuta, pili kwenye Debian na Ubuntu mpya utakutana na erori ya `externally-managed-environment` ambayo inakukataza kuinstoli juu ya Python ya mfumo, na kukatazwa huko ni kwa faida yako usilazimishe kwa nguvu:

```
pypy3 -m venv ~/maji
. ~/maji/bin/activate
python -m pip install -U pip
```

Ukiwa ndani ya mazingira hayo `python` na `pip` zote ni za PyPy. Kama PyPy umeipata kwa apt na venv inakataa, ongeza `pypy3-venv`. Kama umedaunlodi ile ya kufungua tu kutoka pypy.org, haihitaji chochote, unaifungua kwenye foda unaitumia.

Inaona numpy lakini inalia kuhusu _multiarray_umath

```
ModuleNotFoundError: No module named 'numpy._core._multiarray_umath'
```

Kwenye matoleo kabla ya 2.0 utaona `numpy.core` bila ule mstari wa chini, jambo ni lile lile. Maana yake faili za Python za NumPy zimepatikana ila zile za C hazikuingiana. Nenda kwenye foda ya numpy uangalie majina ya faili zinazoishia na `.so`. Ikiwa jina lina `cpython-310` katikati, hio ilikompailiwa kwa CPython na PyPy haiwezi kuifungua. Ya PyPy inafanana na hivi:

```
_multiarray_umath.pypy310-pp73-x86_64-linux-gnu.so
```

Watu wanafikaje hapa? Kwa njia mbili. Moja, mtu kakopi foda ya site-packages kutoka kwa mwenzake kwa flashi, akidhani ni faili tu. Mbili, kuna PYTHONPATH iliyowekwa zamani kwenye `.bashrc` inayoelekeza kwa CPython. Andika `echo $PYTHONPATH`, ikitoka na kitu, `unset PYTHONPATH` ujaribu tena. Kama ni ile ya kukopi, futa foda hio uinstoli upya kwa PyPy yenyewe, hakuna mkato.

Na Windows ikikwambia `DLL load failed`, mara nyingi ni Visual C++ Redistributable haiko. Iweke. Kisha hakikisha PyPy yako ni ya biti 64, ambayo kwa Windows ilikuja na PyPy 7.3.4 mwaka 2021, manake kuna waliobaki na ile ya biti 32 ya zamani.

Pip inaanza kukompaili, feni inalia, mwisho inakufa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokata tamaa na kurudi kwa lupu zao za pole pole.

Unapoandika `pypy3 -m pip install numpy`, pip inatafuta faili la `.whl` lililokwisha kukompailiwa linalolingana na interprita yako, toleo lako na prosesa yako. Likipatikana, linashuka na kufunguliwa, umemaliza. Lisipopatikana, pip haikuulizi: inavuta chanzo kizima cha NumPy na kuanza kukompaili hapo hapo kwenye laptopu yako. Ukiona maneno kama `Preparing metadata` yanakaa muda mrefu, alafu `Failed building wheel for numpy` au `metadata-generation-failed`, basi ujue hukuletewa faili lililo tayari. Kwa hivyo swali la kwanza ni kwa nini halikuja, swala la kompaila tutalifikia baadae.

Majina ya faili hizo yanasomeka. La PyPy ya Python 3.10 lina `pp310-pypy310_pp73`, la CPython lina `cp310-cp310`. Ukitaka kuona PyPy yako inakubali majina gani, uliza:

```
pypy3 -m pip debug --verbose
```

Itakupa orodha ndefu, za juu ndio zinazopendelewa. Linganisha na yaliyoko kwenye ukurasa wa NumPy pale PyPI (si PyPy, hili ni ghala la mtandaoni ambako pip huchukua pakiti).

Sababu ninazozijua, kwa mpangilio wa ile inayotokea sana: pip ya zamani, ambayo haielewi majina mapya ya `manylinux_2_17` na kadhalika (yanahitaji pip 20.3 kwenda juu), kwa hivyo inaliona faili na kulipita. Dawa ni kupandisha pip kwanza. Sababu ya pili ni umeomba toleo lisilokuwa na faili la PyPy yako, labda kwa sababu umekopi requirements.txt ya mtu iliyoandikwa namba kamili. PyPy ya 3.9 iende na NumPy 2.0, ya 3.10 iende na 2.2, ya 3.11 iende na 2.3. Kama PyPy yako ni ya 3.8, na Ubuntu za nyuma kidogo ndizo zinazoileta hio kwa apt, mwisho wake ni NumPy 1.24, manake kuanzia 1.25 NumPy iliacha kuihudumia Python 3.8. Ukiweza, achana na ya apt uchukue mpya ya pypy.org.

Sababu ya tatu ni prosesa. Andika `uname -m`. Ikitoka `x86_64` uko salama. Ikitoka `i686` una mfumo wa biti 32, na NumPy iliacha kutoa faili za Linux za biti 32 tangu 1.22, kwa hivyo kila mara itataka kukompaili. Laptopu nyingi za mtumba zina prosesa ya biti 64 ila mtu kaziwekea mfumo wa 32, angalia `lscpu`, kama inasema 64-bit kwenye mstari wa op-mode ni heri ubadilishe mfumo kuliko kupigana na kompaila.

Ili pip isianze kukompaili bila ruhusa yako, tumia hii:

```
pypy3 -m pip install --only-binary=:all: numpy
```

Sasa ikikosa faili itakataa mara moja na kusema, badala ya kukulia bando na betri kwanza. Mimi naitumia hata pale ninapojua faili liko.

Ikiwa hapana budi ukompaili, weka vifaa kabla:

```
sudo apt install build-essential gfortran libopenblas-dev pkg-config
```

na kama PyPy ni ya apt ongeza `pypy3-dev`, la sivyo utaona `Python.h: No such file or directory`. Ukiona `Unknown compiler(s)` ni kwamba hakuna gcc kabisa. Ukiona ujumbe unaoanza `NumPy requires GCC`, gcc iko ila ni mzee, na hapo pandisha mfumo au shuka toleo la NumPy. Na ukiona hii:

```
fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
```

memori imeisha na mfumo umeiua kompaila. Laptopu ya GB 2 au 4 hufika hapo haraka, kwa sababu zinakompailiwa faili nyingi kwa pamoja. Iambie ifanye moja moja, na uiongezee swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia memori:

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
pypy3 -m pip install numpy -Ccompile-args="-j1"
```

Itachukua muda, chomeka chaja na uhakikishe stima iko, kwa sababu ikikatika katikati unaanza upya.

Mtandao unakata, au inalia kuhusu cheti

`ReadTimeoutError` ni laini tu imelegea. Ongeza `--timeout 120 --retries 10`. Faili la NumPy la Linux ni kama MB 15 hadi 20, kwa hivyo kama uko Kipungani au Matondoni na laini inasuasua, heri lishushwe mara moja na mtu aliye mjini kwenye laini nzuri, lije kwa flashi:

```
pypy3 -m pip download --only-binary=:all: -d /media/flashi numpy
pypy3 -m pip install --no-index --find-links /media/flashi numpy
```

Mstari wa kwanza uendeshwe kwenye kompyuta yenye PyPy ya toleo lile lile na mfumo ule ule, la sivyo atakuletea faili la aina nyingine na utarudi kwenye tatizo la juu.

`CERTIFICATE_VERIFY_FAILED` yenye maneno `not yet valid`: angalia saa ya laptopu. Betri ndogo ya ndani ikifa, saa inarudi miaka ya nyuma kila ukizima, na kwa kompyuta cheti cha tovuti kinakuwa cha siku zijazo. Rekebisha tarehe, itapita.

Imekubali! Lakini ni pole pole kuliko Python ya kawaida

Hii ndio sehemu ninayoitaka sana muisome, kwa sababu hapa hakuna erori ya kukushtua, kila kitu kinaonekana sawa, na mtu anaondoka akisema PyPy ni maneno matupu. Si kweli, na inaniuma watu kuiacha kwa sababu hii.

Angalia mistari hii. Ya kwanza inapiga urefu wa maji kwa NumPy yote kwa pamoja:

```
t = np.arange(525600) / 60.0
h = np.full(t.shape, wastani)
for a, kasi, awamu in mawimbi:
    h += a * np.cos(np.radians(kasi * t - awamu))
```

Hii iko sawa. Lupu inazunguka mara nne tu, na kila mara NumPy inapewa dakika zote za mwaka inazipiga yenyewe ndani ya C. Kwenye PyPy na kwenye CPython itakwenda karibu sawa, kwa sababu kazi yenyewe haifanywi na interprita. Sasa mtu anaendelea hivi:

```
kupita = 0
for i in range(len(h)):
    if h[i] > kina:
        kupita += 1
```

Hapa ndo mambo yanaharibika. Kila `h[i]` ni safari kupitia cpyext kwenda na kurudi, na inarudi na kitu cha aina ya `np.float64` ambacho nacho ni cha C, kwa hivyo hata kule kulinganisha na `kina` ni safari nyingine. JIT haiwezi kuingia ndani ya C ikaona kinachofanyika, inabaki nje inangoja. Ni sawa na boti ya Mokowe kuvusha abiria mmoja mmoja, na abiria wako wamejaa gati: injini si mbovu, ila kutwa itaisha kwa kuegesha na kung'oa nanga.

Dawa ni mojawapo ya mbili. Ama uvushe wote mara moja na ubaki huko kwa NumPy:

```
kupita = int((h > kina).sum())
```

ama, kama masharti yako ni marefu na hayaandikiki hivyo, mfano unataka maji yawe yametosha kwa dakika 40 mfululizo na iwe mchana na isiwe bamvua, basi yatoe yote kwenye NumPy kwa mara moja uendelee na Python tupu:

```
for x in h.tolist():
    ...
```

`tolist()` inakupa desimali za kawaida za Python, na PyPy inazipenda hizo, orodha yenye desimali peke yake inahifadhiwa kwa kubanwa bila vifuniko. Lupu hio itachemka baada ya ile mizunguko elfu moja na kidogo na kuanza kukimbia. Mimi kwa hesabu za Mkanda nimeishia kutotumia NumPy kabisa upande wa PyPy, hesabu nzima naandika hivi:

```
def urefu(t, mawimbi, wastani):
    h = wastani
    for a, kasi, awamu in mawimbi:
        h += a * math.cos(math.radians(kasi * t - awamu))
    return h
```

na inatosha. Kasi ni digrii kwa saa: M2 ni 28.984, S2 ni 30, K1 ni 15.041, O1 ni 13.943. Urefu na awamu utazitoa kwenye vipimo vya mahali pako. Kwa hivyo kabla hujahangaika, jiulize kama NumPy yenyewe unaihitaji au uliiweka kwa sababu kila mfano unaanza na `import numpy`. Kama programu yako ni arei (safu za namba za NumPy) kubwa kubwa zinazozidishwa, CPython na NumPy zitakutosha, PyPy haitakuongezea kitu. Kama ni lupu zenye masharti mengi, PyPy bila NumPy. Mchanganyiko unafaa pale ambapo NumPy unaigusa mara chache kwa vitu vikubwa.

Na unapopima, usipime mzunguko wa kwanza. JIT inahitaji kupasha moto, skripti ya nusu sekunde haitaona faida yoyote. Endesha kazi ya kweli yenye ukubwa wa kweli.

Memori inapanda hata baada ya `del`

CPython inakiachia kitu papo hapo mshikaji wa mwisho akiondoka. PyPy inangoja zamu ya mkusanya taka, na yeye anaona kile kifuniko kidogo tu, zile MB mia za arei zilizo upande wa C hazioni sawasawa, kwa hivyo hana haraka. Ukiwa na lupu inayounda arei kubwa mwezi kwa mwezi, weka `gc.collect()` kila mwisho wa mwezi. Au bora zaidi unda arei moja mwanzo uitumie tena kwa `out=`:

```
np.cos(pembe, out=kazi)
```

Chanzo hicho hicho ndicho kinachofanya faili zisifungwe zenyewe na `np.memmap`, yaani arei iliyokaa kwenye faili, isiandike kwa wakati. Faili ufungue kwa `with`, memmap uiite `.flush()` wewe mwenyewe. Kwa nditer pia, ile ya kupitia arei kipande kwa kipande, ukiwa unaandika ndani ya arei:

```
with np.nditer(a, op_flags=['readwrite']) as it:
    for x in it:
        x[...] = 2 * x
```

Bila ule `with`, kuna hali ambazo NumPy inaandika kwenye nakala ya muda na nakala hio hairudishwi, na hutaambiwa chochote.

Erori ndogo ndogo ambazo ni za PyPy pekee

`cannot resize an array with refcheck=True on PyPy`: ni `a.resize(...)`, inataka kuhesabu washikaji na PyPy haina hesabu hio. Tumia `np.resize(a, ...)`, ila jua hio ikikuza arei inajaza kwa kurudia data, haijazi sifuri. Au weka `refcheck=False` ukiwa na hakika hakuna jina lingine linaloishika arei ile. `sys.getsizeof` inatoa TypeError siku zote, kwa ukubwa wa arei uliza `a.nbytes`. `sys.getrefcount` haipo kabisa.

Na kama `import numpy` inakuletea kitu cha ajabu kisichokuwa na `array`, angalia kama skripti yako mwenyewe umeiita `numpy.py`.

SciPy na pandas zimekataa kata kata

Hapa sitakuficha, kwa hizi mbili mara nyingi hutapata faili lililo tayari la PyPy, na kuikompaili SciPy ni kazi nzito kuliko NumPy, ina Fortran ndani. Kwa laptopu zetu hizi naona haifai. Tumia interprita mbili, kila moja kwa kinachoiweza, na zipeane kwa faili. Upande wa PyPy ukimaliza lupu:

```
np.save("mkanda.npy", np.array(matokeo))
```

kisha kwenye CPython, iliyo na pandas na matplotlib zake:

```
h = np.load("mkanda.npy")
```

Faili la `.npy` ni lile lile kwa zote mbili, halijali nani aliliandika. Hata tofauti ya matoleo ya NumPy haisumbui kwa arei za namba za kawaida, ila usihifadhi orodha za vitu mchanganyiko, hizo zinapitia pickle na CPython itakataa kuzifungua mpaka uiruhusu kwa `allow_pickle=True`.

Kabla hujaniuliza swali jipya, endesha huu mstari uniletee chote ulichotoa, pamoja na `uname -m` na erori nzima kuanzia juu, isiwe picha ya mstari wa mwisho peke yake:

```
pypy3 -c "import sys, numpy as np; print(sys.version); print(np.__version__, np.__file__); print(np.arange(6).reshape(2,3).sum())"
```

Ukiona 15 kwenye mstari wa mwisho, NumPy imeingia sawasawa, na kama bado programu iko pole, rudi pale kwenye `tolist()`.